Nani Anakujua kwa Jina?



Jumapili iliyopita tulisoma mstari wa mwisho wa Waraka wa Kwanza wa Yohana, pale mzee Yohana anapofunga barua yake kwa kuwaonya watoto wake wa kiroho wajilinde na sanamu. Nilihubiri vizuri, angalau ndivyo nilivyojiambia nikishuka madhabahuni. Baada ya ibada mzee mmoja akanivuta kando, pale karibu na tangi la maji, akasema, "Pasta, umetuonyesha sanamu za watu wa zamani. Sasa za hapa Machakos je? Na yule mama wa Wakorea?"

Wengi wenu mnamjua. Amesoma makala haya kabla hayajachapishwa, akakubali yatoke, ila akaomba nisiandike jina lake. Akaongeza kwamba wanaomjua watajua tu, na wasiomjua waje wamsalimie. Ni mjane wa miaka 52, anauza nafaka soko la Marikiti: ndengu, mbaazi, maharagwe na muthokoi. Pia ni kiongozi katika ushirika wa akina mama. Na kwa miaka kadhaa sasa ni shabiki wa kundi la waimbaji wa Korea Kusini liitwalo BTS. Sisemi shabiki wa kusikia wimbo ukipita kwenye matatu. Anajua siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wao. Picha yao iko ukutani sebuleni na nyuma ya simu yake. Amejifunza kusoma herufi za Kikorea, yeye ambaye shule aliachia darasa la nane.

Wazee walitaka kujua kama mtu wa namna hiyo anaweza kuendelea kuongoza akina mama. Mimi ndiye niliyetumwa nikaongee naye. Swali lenyewe nililiandika juu ya karatasi ili nisilisahau njiani: mtu mzima aliyeokoka akipenda waimbaji vijana namna hiyo, je, ameabudu sanamu?

Kwa wasiowajua, BTS ni vijana saba walioanza Juni 2013 chini ya kampuni ndogo ya Seoul ambayo wakati huo haikuwa na jina kubwa. Septemba 2018 walisimama Umoja wa Mataifa wakahutubia. Agosti 2020 walitoa wimbo wao wa kwanza wa Kiingereza kitupu, nao ukashika namba moja Marekani. Kisha sheria ya nchi yao ikawaita, kwa sababu kule wanaume wanalazimika kutumikia taifa jeshini. Wa kwanza aliingia Desemba 2022 na wa mwisho akamaliza Juni 2025. Mashabiki wao wanaitwa ARMY, yaani Jeshi, na yule mama alingoja miaka yote hiyo kama mke wa askari. Haya ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema akicheka.

Nilipoanza kusoma ili nijitayarishe, nilipata silaha ya bure. Wakorea wenyewe wanawaita waimbaji wa aina hii "aidol", neno walilolikopa kutoka kwa Kiingereza, na maana yake ni sanamu. Nikasema, haleluya, mahubiri yamejiandika. Halafu nikaingia kwa upande wa biashara, na hapo lazima nikiri kwamba, kwa vile nilisomea biashara, nilistaajabu kwanza kabla ya kukasirika. Albamu moja inatolewa kwa sura tofauti tofauti, wimbo ni ule ule lakini sanduku si lile lile. Ndani ya sanduku wanaweka kikadi cha picha cha mwimbaji mmoja, na mnunuzi hajui atapata nani mpaka afungue. Ukitaka yule unayempenda, unanunua tena. Makundi mengine yana bahati nasibu: kadiri unavyonunua albamu nyingi ndivyo unavyopata nafasi zaidi ya kuitwa mkutanoni ukawekewe sahihi. Darasani tulifundishwa kwamba mteja mwaminifu ni mali. Hawa jamaa wamechukua uaminifu wenyewe wakaufunga kwa karatasi na kuutilia bei.

Nikaanza kuandika hoja zangu. Kalamu ikasita nilipokumbuka vichupa vya mafuta ya upako ambavyo nimeviona vikiuzwa kwa mikutano fulani, vya ukubwa tofauti na bei tofauti, na stika za watumishi wa Mungu wanaotabasamu kwenye vioo vya magari. Nikaiweka kalamu chini kwanza.

Kuna jambo lingine lililonisumbua, na hili ni la kwangu binafsi. Mimi ni mtu wa Arsenal. Stika iko nyuma ya gari, mnaiona kila Jumapili. Kuna Jumapili nimehubiri kama mgonjwa kwa sababu ya matokeo ya Jumamosi, na hakuna mzee hata mmoja aliyenipeleka kando ya tangi la maji. Wale wachezaji ni vijana wa watu, sijawahi kukutana nao, hawajui kama kuna mji unaitwa Machakos. Mwanaume wa miaka 50 akipiga kelele usiku wa manane juu ya mpira wa Uingereza tunasema ni shabiki. Huyu mama akiimba jikoni mwake tunaulizana kama amerukwa na akili.

Nikamkumbuka Mikali binti Sauli. Katika 2 Samweli 6 sanduku la agano linaingia mjini, Daudi anacheza kwa nguvu zake zote, naye Mikali anaangalia dirishani na kumdharau moyoni. Kilichomuudhi, nadhani, ni ile hali ya mtu mzima, tena mfalme, kusahau heshima yake kwa furaha. Sisi pia tuna madirisha yetu. Lakini nilipomwambia yule mzee habari hii, alinijibu haraka sana. Akasema Daudi alicheza mbele za Bwana, si mbele ya simu. Na hapo mzee alikuwa na haki. Joto la furaha halitoshi kuwa jibu, lazima mtu aulize imewashwa mbele ya nani. Basi nikafunga Biblia, nikaenda.

Nilifika Jumatano jioni. Akanikaribisha chai na viazi vitamu, na kabla sijapoa akaniambia, "Najua umetumwa. Wazee wanaogopa kuja, wanatuma mtoto." Kisha akanisimulia.

Aliolewa akiwa na miaka 19. Akalea watoto wanne, akamuuguza mama mkwe miaka tisa mpaka akafariki. Mume wake alifariki Novemba 2019. Machi 2020 corona ikaingia Kenya na makanisa yakafungwa. Binti yake wa mwisho alikuwa ametumwa nyumbani kutoka chuo, na jioni alikuwa anaangalia hao vijana kwa simu. Siku moja bando likiwa bado lipo binti akalala, akaacha simu mezani ikiendelea kucheza.

"Sikuelewa hata neno moja," akasema. "Lakini walikuwa saba, wanapika pamoja, wanachekana, mmoja anaangusha chakula wengine wanamcheka. Hii nyumba ilikuwa imenyamaza tangu mazishi. Nikaangalia mpaka asubuhi."

Nikamuuliza kama haoni haya kidogo, maana hao ni wa umri wa watoto wake. Hakukasirika. Akasema, "Pasta, mimi sikuwahi kuwa msichana. Nilitoka kuwa mtoto nikawa mama ya watu. Wenzako wanasema nimerudi utoto. Nitarudije mahali sijawahi kufika?"

Hilo sikulijibu, na mpaka leo sina jibu lake. Tunahubiri sana juu ya vijana na juu ya ndoa, lakini juu ya mama ambaye kazi ya kulea imeisha, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na moyo wake bado uko na nguvu za kupenda, sijawahi kuandaa hata nusu ya somo. Ni kama tunadhani moyo nao unastaafu.

Kisha akafika kwa Julai 2020. Mtakumbuka serikali iliporuhusu makanisa kufunguliwa tena ilikuwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Sisi tukaweka orodha, mtu anapiga simu katikati ya wiki anaandikwa. Yeye hakujua habari ya kupiga simu. Alikuja Jumapili ya pili amevaa vizuri, mara ya kwanza kutoka kwa boma kwenda kanisani bila mume wake.

"Getini kulikuwa na kijana mwenye karatasi na barakoa. Akaangalia juu mpaka chini. Akasema, mama, jina lako halipo. Nikarudi kwa miguu." Akanimiminia chai tena. "Huyo kijana alikuwa wewe."

Wapendwa, mimi sikumbuki. Nimejaribu. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa mlangoni tu, nimemaliza chuo juzi juzi, na nilirudisha watu wengi zile Jumapili nikijivunia kwamba hesabu yangu haikupita 100 hata siku moja. Nilikuwa hodari kwa orodha.

Alisema hanilaumu, ilikuwa sheria ya serikali na sheria ni sheria. Kilichomuuma ni kwamba wiki ile hakuna aliyempigia simu, wala wiki iliyofuata. Agosti ule wimbo wa Kiingereza ukatoka. Binti yake akamuingiza kwa kikundi cha WhatsApp cha akina mama kama yeye, wa Kenya, Uganda na Tanzania, wengine tayari wana wajukuu, wote wakipenda wale vijana. Siku ya kwanza wakamuuliza anaitwa nani, anauza nini, amekula nini. Mwaka 2022 alipofanyiwa upasuaji, kikundi kilimchangia kwa M-Pesa, na mama mmoja ambaye hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso akapanda matatu kutoka Kitui, akalala siku tatu akimsaidia. Sisi pia tulitangaza jina lake kwenye maombi. Tulilitangaza vibaya, akasema. Tulitaja la dada yake.

Nilikuwa nimekuja na mfano wa Zakayo, na nilikuwa nimeupanga hivi. Katika Luka 19 kuna mtu mzima, tajiri, mtu wa ofisi, anayepanda mti kama mtoto ili amuone mtu maarufu akipita. Zakayo alikuwa shabiki kabisa. Kama mambo yangeishia hapo, Yesu apite na umati wake naye ashuke aende zake na mikwaruzo, ingekuwa hadithi ya ushabiki tu. Lakini Yesu alisimama chini ya ule mti, akatazama juu, akamwita kwa jina, akajialika nyumbani kwake. Hapo ndipo nilitaka kumbana yule mama. Nilitaka kumwambia, mama, hao vijana hawatasimama chini ya mti wako. Hawakujui jina.

Na ushahidi nilikuwa nao. Katika kusoma nilikutana na huduma ya Korea inayoitwa Bubble, iliyoanza 2020. Shabiki analipa kila mwezi na mwimbaji anamtumia ujumbe unaoonekana kama ni wake peke yake. Mwimbaji anaandika ujumbe mmoja tu kwa wote, lakini mahali pa jina anaweka alama, na mtambo unaiondoa na kuweka jina ulilojiandikisha nalo. Maelfu ya watu wanasoma kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona jina lake. Kwa macho ya biashara hilo ni jambo la ajabu sana. Wameona kile ambacho Zakayo alikipokea bure chini ya mti, wakajua binadamu atakitafuta hata kwa pesa, wakatengeneza mashine ya kukitoa.

Nikamwonyesha hiyo habari. Akaisoma, akanirudishia simu. Waimbaji wake yeye hawako kwenye huduma hiyo, akasema, lakini hata wangekuwepo hangelipa. "Najua hawanijui, Pasta. Mimi si mjinga. Waliojua jina langu ni wale akina mama. Na hao walinijia kwa sababu ya wimbo." Halafu akauliza, bila ukali wowote, kama Yesu akitaka kumwita mtu kwa jina hapa Machakos leo, atatumia mdomo wa nani.

Mnisamehe nikienda mbali kidogo, hadi Seoul kwenyewe, maana sisi tuna deni kule. Ushirika wa nyumbani tunaoufanya kila Alhamisi hatukuutoa hewani. Mwaka 1958 David Yonggi Cho, pamoja na Choi Ja-shil, mama ambaye baadaye alikuja kuwa mkwe wake, walianza ibada na watu wachache sana katika mtaa maskini wa mji huo, miaka michache tu baada ya vita kuimaliza Korea. Mwaka 1964 Cho alianguka kwa uchovu, akaona hawezi kumjua kila mtu peke yake. Akataka kugawa kanisa kwa nyumba ndogo ndogo, wanaume wakasitasita, basi akawapa wanawake waongoze. Kanisa la Yoido likakua hadi mamia ya maelfu ya watu, na wachungaji wa Afrika wakasoma jinsi lilivyofanya, na sisi ni matunda ya kusoma huko. Mpango wote ulikuwa kwamba katika umati mkubwa namna ile, kila mtu awe na watu kumi wanaojua jina lake na mlango wake.

Huyo huyo Cho, mwaka 2014, mahakama ya Seoul ilimpata na hatia ya kulitia kanisa lake hasara ya mamilioni ya dola, akapewa kifungo kilichoahirishwa. Alifariki 2021. Silisemi hili kumchafua marehemu, kazi yake tunaila mpaka leo. Nalisema kwa sababu waumini wengi walimpenda vile vile watu wanavyopenda mtu wa jukwaani, kutoka mbali, kwa picha. Waliokuwa na ushirika mdogo wa kweli nyumbani walibaki na kitu mkononi siku ile. Wengine sijui walibaki na nini.

Lakini sikumwachilia yule mama bure, na yeye pia hakutaka. Nilimwambia tufanye hesabu. Akatoa daftari lake la biashara, maana anaandika kila kitu, na tukapitia mwaka mzima. Bando la intaneti, albamu mbili, kikadi kimoja alichobadilishana na mama wa Arusha. Si pesa nyingi, ni chini ya ninazotumia mimi kulipia televisheni ya mpira. Ila kulikuwa na mwezi mmoja. Mwezi huo aliagiza ile taa ya mkononi ambayo mashabiki huipunga kwenye tamasha, shilingi 9,000 pamoja na usafiri, na hakuna tamasha lolote alilokuwa anaenda. Mwezi huo huo zamu yake ya kuchangia chama ikafika, akamwambia mweka hazina kwamba maharagwe hayakuuzika.

"Hapo nilidanganya," akasema kabla sijauliza. "Na mwenye zamu ya kupokea alikuwa anangojea karo."

Katika Isaya 44 kuna yule fundi anayekata mti mmoja. Nusu anaota moto na kuoka mkate, nusu nyingine anaichonga na kuiinamia. Ni mti ule ule. Niliangalia lile daftari nikaona miezi kumi na mmoja ya mtu anayeota moto kwa sababu nyumba yake ina baridi, na mwezi mmoja ambapo aliinama, na mtoto wa mtu mwingine akalipia kule kuinama kwa siku alizokaa nyumbani bila karo. Nikamwambia hivyo. Alikubali. Ameshalipa chama na amemwambia mweka hazina ukweli, jambo ambalo, kwa ushahidi wa mweka hazina mwenyewe, wanachama wengine hawajawahi kulijaribu.

Nilirudi kwa wazee Jumamosi. Niliwaambia habari ya taa na ya chama, kwa ruhusa yake. Niliwaambia na ya geti. Kisha nikaomba tufungue daftari la ushirika wa nyumbani wa eneo lake, tuone mara ya mwisho kundi lilikutana kwake lini. Ilikuwa Oktoba 2019, mume wake akiwa hai. Tulikaa kimya kidogo.

Ataendelea kuongoza akina mama. Hawakukubaliana wote, na yule mzee wa tangi la maji bado hajaridhika. Anasema kumpenda mtu asiyeweza kukujibu ni upweke uliovaa nguo za sherehe, na kwamba tumeona haya kwa sababu ya makosa yetu tukashindwa kumwambia hivyo. Sidhani amekosea kabisa. Kuna usiku mwingi ambao yule mama anaongea na picha, amenieleza mwenyewe, na si kila mara anacheka. Nilimuuliza mzee kama yuko tayari kumwambia maneno hayo ana kwa ana, akiwa ameketi kwake, baada ya kula chakula chake. Akafikiri.

Ushirika wa Alhamisi hii utakuwa nyumbani kwa mama huyo, saa kumi na moja na nusu jioni. Kutakuwa na muthokoi. Anaomba tu mgeni yeyote asigeuze ile picha ya sebuleni iangalie ukuta, kama alivyofanya dada mmoja aliyekuja kumuona alipotoka hospitali. Asiyejua njia anipigie simu. Mzee ameshanipigia.